Pauni Mia na Kumi na Mbili

Kutoka meza yangu ya ng'onda hadi duka la kinyozi Melecio ni hatua kumi na nne kwa mguu wangu. Nazijua kwa sababu kila siku, baada ya chakula cha mchana, nilimvusha mume wangu Teopisto hatua hizo nikiwa nimemshika kiwiko, nikamketisha kwenye kiti cha plastiki cha bluu karibu na kioo, kisha nikarudi kuuza. Nikiinua macho kutoka kwenye samaki niliona visigino vyake na ncha ya kofia yake. Hiyo ilinitosha.

Miaka thelathini nyuma Teopisto alikuwa bingwa wa dunia wa wale wadogo, wa pauni mia na kumi na mbili. Ulingoni walimwita Mtoto wa Miwa, maana huku kwetu kisiwani Negros ni miwa kila utakakoelekea. Ngumi alizokula zamani zilikaa kimya kichwani mwake, zikamngoja azeeke. Alipofika miaka hamsini na minane zikaanza kudai nafasi. Alisahau jina la dada yake, kisha njia ya kisimani, kisha akawa anavaa shati nje ndani. Mwaka ninaousimulia alikuwa na sitini na mmoja, na ilinibidi kumwonyesha kipi ni kijiko na kipi ni kitana.

Ila kwa Melecio alikuwa mtu. Huku kwetu mtu wa heshima huitwa Manong, kaka mkubwa, na mwanamke ni Manang. Sikufichi, nilimpeleka pale kwa ajili ya maneno tu.

Melecio alikuwa bado na nguvu zake, miaka arobaini hivi, na roho yake yote ilikuwa kwa Rodel Sumagang, bingwa wa siku zile, kijana tuliyekuwa tukimwona kwenye televisheni. Rustico muuza nguruwe, jirani yangu wa meza, mtu wa rika letu, alisimama na Teopisto. Kila alasiri wawili hao waliwapiganisha watu ambao wasingeweza kukutana kamwe.

"Rodel angemmaliza raundi ya nne," Melecio alisema, mkasi uko hewani, mteja kainamisha kichwa. "Unisamehe, Manong Teo, wewe ni wetu, lakini ukweli usemwe. Yule kijana ana mikono kama feni."

"Feni inapepea tu, haiumizi mtu," Rustico akajibu. "Raundi ya nne! Raundi ya nne Manong Teo ndiyo kwanza jasho linamtoka. Enzi zake zilikuwa raundi kumi na tano, sikia wewe. Rodel wako ikifika ya kumi na mbili anamwita mama yake."

"Wa zamani walisimama wima kama mishumaa ya kanisani. Unampiga mtu aliyesimama, kuna kazi gani?"

"Na hawa wako? Wanapimwa leo, wanapigana kesho. Wanapanda mizani wakiwa panya, wanaingia ulingoni wakiwa paka! Manong Teo alipimwa asubuhi akapigana jioni ile ile, tumbo limegusana na mgongo. Mpime Rodel asubuhi, halafu uje tuongee."

"Tumuulize mwenyewe basi. Bingwa! Wewe na Rodel, nani?"

Teopisto alikuwa akifumbua macho polepole, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Mkono wa kushoto ulijikunja wenyewe.

"Ini," alisema. "Kushoto. Ini."

Wakapiga kelele mpaka kioo kikatikisika. Mimi huku nilikuwa nikiwapanga samaki kwa mikia na kucheka peke yangu.

Siku kumi na tisa kabla ya sikukuu ya San Vicente, Melecio akazidisha. "Kama wangepigana hapa hapa," akasema, "uwanja wa kanisa, siku ya San Vicente, saa kumi jioni, mimi ningeweka jogoo wangu mwekundu kwa Rodel."

"Yule mwenye jicho moja? Mlete! Mimi naweka dume la nguruwe zima na mkia wake."

Teopisto akainua kichwa. "Siku ya San Vicente?"

"Ndiyo, Bingwa. Saa kumi. Usichelewe!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyeona kwamba lile neno "kama" halikumfikia. Sisi wote tulilisema kila siku, tukawa hatulisikii tena. Kichwani mwake lilianguka njiani, na kilichofika ni siku, uwanja na saa.

Jioni ile alibakiza nusu ya wali. Nikadhani ni jino. Kesho yake alikula viazi viwili, akasukuma mchuzi. Siku ya tatu nikamkuta uani mchana wa jua kali, amejifunga ile nailoni ninayofunikia samaki mvua ikija, anarukaruka mahali pamoja, jasho linamtiririka hadi visiginoni. Kando yake kulikuwa na kopo la maziwa. Nikalichungulia. Lilikuwa limejaa mate.

Hapo nikaelewa, maana niliishi na bondia miaka kumi na miwili ya ulingo. Maji yakishakatazwa, mtu hutema mate ili apungue gramu chache za mwisho.

"Teo," nikamwambia, "hakuna pambano."

Akanitazama vizuri, macho safi kama ya zamani. Nilikuwa sijayaona hivyo kwa miaka. Akanipapasa shavu, akaniita kwa lile jina la mapenzi la ujana wetu: "Inday, safari hii usiniletee suman."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nieleze basi, maana jambo hili nilikuwa sijamwambia mtu. Watu husema Mtoto wa Miwa alipoteza mkanda Manila. Ni kweli, lakini hakuna aliyempiga. Siku mbili kabla ya pambano watu wa meneja walikuja kusema limeahirishwa wiki mbili. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani kwa meli na suman kumi na mbili nilizofunga kwa mkono wangu: mchele wa nata, tui la nazi, chumvi kidogo, jani la mgomba. Nilimwona mifupa ya mashavu imetokeza, nikamwonea huruma. Nikamfungulia moja. Akala saba. Asubuhi ya pili wakaja mbio: pambano lipo, liko leo, twende kwenye mizani. Alizidi nusu pauni. Wakampa saa mbili akimbie, arudi. Akakimbia mpaka akaanguka ngazini, akarudi amezidi robo. Mkanda ukaachwa pale mezani karibu na mizani. Hakupata nafasi nyingine.

Siku ile alisema tumbo lake lilikuwa na uroho, basi. Hakuwahi kunitaja kwa mtu yeyote. Mimi nikajifariji kwamba pengine hakuona kosa langu. Sasa akili yake imemwaga kila kitu, hata jina la mama yake, na hilo limebaki.

Nikakimbia hadi sokoni, nikavuka hatua zangu kumi na nne bila kupumua. "Mwambieni! Mwambieni hakuna pambano. Hali, na maji ni funda moja tu kwa siku."

Melecio akaweka mkasi chini. Uso ulimbadilika. Akaja na Rustico hadi uani kwetu, wakachuchumaa mbele yake.

"Manong Teo," Melecio akasema, "yale ni maneno ya kinyozi tu. Rodel haji. Yuko Manila huko, hata habari zetu hana."

Teopisto akatabasamu, akamtikisia kidole. "Hata Manila walisema limeahirishwa."

Tukatazamana. Kadiri tulivyomwambia halipo, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba lipo. Alishadanganywa mara moja kwa maneno hayo hayo. Siku ya tisa nikampeleka zahanati, wakamtundikia chupa ya maji. Akachomoa sindano kwa meno. "Maji ni uzito," alimweleza nesi kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Baada ya hapo hata lile funda la asubuhi akawa analigusa kwa ulimi tu. Nilijaribu kila njia. Nilimlowesha kitambaa nikampangusa midomo, akakitema kitambaa. Nilimpikia uji mwepesi, nikaonja mbele yake, nikasema ni dawa. Alikaza meno. Nilipiga magoti. Alinisaidia kuinuka na akaendelea kutema kwenye kopo lake, ingawa mate yenyewe yalikuwa yameisha na kilichotoka ni sauti tu.

Siku ya kumi na sita, nikiwa nawafukuza nzi mezani, nikayakumbuka maneno ya Rustico: wanapimwa leo, wanapigana kesho. Nikamgeukia. "Rustico, wewe una mizani."

"Ya nguruwe, Manang Sayong."

"Inapima kilo, haiulizi ni za nani. Tumwambie upimaji umewekwa mapema, ni sheria mpya. Akishapimwa ataruhusiwa kula. Wewe weka kidole juu ya mkono wa mizani ulale, usome kilo hamsini na gramu mia nane. Hizo ndizo pauni zake."

Rustico aliitazama mizani yake. Kuna mwanamke mmoja aliwahi kumsingizia mbele ya soko zima kwamba mizani yake inaiba, na tangu siku ile aliifuta kila asubuhi na kuijaribu kwa mawe ya serikali, watu wote wakitazama. Hakuwahi kugusa ule mkono akiwa na mteja. Akasema, "Nitaweka, Manang."

Asubuhi ya kesho yake tulimleta. Melecio alivaa shati jeupe la kanisani akawa mwamuzi. Rustico aliisugua mizani kwa maji ya moto hadi harufu ya damu ikapungua. Wachuuzi waliacha meza zao wakasimama. Hakuna aliyecheka, hata wauza mboga ambao hucheka kila kitu.

"Sheria imebadilika, Bingwa," Melecio akatangaza. "Siku hizi mnapimwa kabla."

"Na baadaye mtu anakula?"

"Anakula mpaka achoke."

Teopisto akavua shati, akavua suruali, akabaki na kaptura. Sikutaka kutazama, nikatazama. Mbavu unazihesabu zote, na tumbo limeingia ndani kama bakuli. Akapanda, akaweka miguu sawasawa, akainua kidevu, akatoa pumzi yote kifuani kama alivyofanya zamani. Rustico akasogeza kijiwe hadi hamsini na alama nane ndogo. Mkono wa mizani ukalala chini.

"Uzito halali!" Melecio akapaza sauti. Watu wakapiga makofi. Teopisto akainua mikono yote miwili.

Nilimwendea Rustico kumshukuru, nikamkuta amejishika kwenye nguzo ya meza.

"Sikugusa, Manang," akaninong'oneza. "Mkono umelala wenyewe. Alipoinua mikono nikasogeza kijiwe nyuma, nikasogeza, nikafika kilo arobaini na saba ndipo ukanyanyuka."

Alikuwa amefikisha uzito wake siku nyingi nyuma. Nyumbani hatukuwa na mizani, kwa hiyo hakujua pa kuachia.

Nilikuwa na uji tayari kwenye chupa ya moto. Akautazama, akatikisa kichwa. "Sasa leta suman," akasema. Alisema kwa furaha, sikuona kisasi wala lawama.

Nikaenda kupika. Mchele wa nata hautaki haraka. Uharakishe, utabaki na kiini kigumu. Nilikaa kando ya jiko nikikoroga tui, nikipitisha majani juu ya moto yalainike, nikifunga moja moja kwa nyuzi. Nilifunga saba. Mafundo mawili yakafunguka ikabidi niyarudie.

Nikamfungulia moja. Akauma pembeni. Akatafuna muda mrefu sana, akifumba macho, na mimi nikatafuna pamoja naye bila kitu mdomoni. Koo likapanda, likashuka, likakataa. Akajaribu tena. Mwishowe akakitoa kile kipande taratibu kwa vidole, akakirudisha kwenye jani, akalikunja vizuri.

"Baada ya pambano," akasema.

Maji alikubali vijiko viwili. Tulirudi zahanati, lakini safari hii mshipa wenyewe haukuonekana. Wakasema apelekwe hospitali kubwa Bacolod baada ya sikukuu, barabara zikifunguliwa.

Mkesha wa San Vicente, saa nne asubuhi, akataka kunyolewa. Bondia haingii ulingoni na nywele ndefu. Nikamvusha, ila siku ile Rustico alimshika upande wa pili, na hatua kumi na nne zikawa thelathini na moja. Melecio akamtandikia kitambaa safi. Hapakuwa na maneno ya Rodel wala ya nani. Mkasi tu. Mimi nikarudi mezani, nikaviona visigino vyake.

Melecio alimaliza upande wa kulia, akamwinamisha kichwa kidogo, akahisi uzito wake. Alijua. Aliniambia baadaye kwamba alijua. Lakini hamwachi mtu amenyolewa nusu, basi akaendelea na upande wa kushoto, akampangusa shingo, akampaka poda, ndipo akatoka mlangoni akanitazama. Nami sikusimama upesi. Nilimaliza kwanza kumfungia mama mmoja samaki wake.

Nilimwosha mwenyewe. Kwenye mfuko wa kaptura nikaikuta suman, jani limekunjwa kama alivyolikunja, sisimizi wamepanga foleni.

Kwenye matanga wanaume walikaa na karata zao kama kawaida yetu, mchana ule wa sikukuu, ngoma zinapita barabarani. Melecio hakushika karata. "Manang," akasema, "tungejua..."

Nikawasimulia habari ya Manila, mbele ya jeneza, yote, na hesabu ya zile saba.

Rustico akaweka karata zake chini. "Kwa hiyo mkanda ule hakunyang'anywa kwa ngumi."

"Hakunyang'anywa kwa ngumi."

"Basi Rodel ange..." Melecio akaanza, kwa mazoea ya mdomo, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika.

Nikainuka, nikapuliza sisimizi kwenye lile jani, nikaliweka ndani ya jeneza, karibu na mkono wa kushoto.

"Ni nini hicho, Manang?" Rustico akauliza.

"Chakula chake," nikasema. "Ameshapimwa."