Siki Juu ya Liwa

Zabibu zilifika Faza Jumatatu ndani ya boksi la sabuni, zimefunikwa gazeti lililolowa, na chini yake chupa nyeusi iliyozongwa kwa kipande cha leso. Aliyezituma ni Rumaisa, binti wa kaka yangu, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Shela. Zilikuwa za binti yangu Sumeiya. Nikaha yake ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi atolewe nje.

Kutolewa nje ndiyo siku yenyewe. Nikaha ni ya wanaume, msikitini. Jumamosi bibi harusi hukalishwa juu, macho kayafumba, na wanawake wa pande zote mbili huketi wakamtazama mpaka watosheke. Hasemi, hafumbui macho, hajifuniki. Uso wake ndio shughuli.

Na uso wa Sumeiya ulikuwa na chunusi. Zilimtoka tangu alipoposwa, na kila aliyoitumbua iliacha doa.

"Ni wasiwasi tu," nilimwambia. "Acha kuzishika, zitaondoka."

"Zitaondoka nikiwa na watoto wanne."

Rumaisa alikuwa amemtumia video. Ponda zabibu, tia kijiko cha siki ya balsamiki, ile nyeusi tamu inayotengenezwa kwa zabibu, paka usoni, subiri dakika kumi, osha. Mama yangu, Bi Mwanamkisi, alifungua chupa akanusa.

"Hii si tembo hii?"

"Siki, mama. Tembo ikishageuka siki ni halali."

"Na nani kakwambia imegeuka yote?" Akaonja kwa ncha ya kidole. "Tieni kwenye kachumbari. Uso wa mwana una nini?"

Mimi sikatai kitu kabla ya kukijaribu. Nilitia tone la siki kwenye mkunjo wa kiwiko cha Sumeiya, tukangoja, hakikutokea kitu. Nikamwambia aizimue siki kwa maji na asipitishe zile dakika kumi. Alipaka, akaosha, na asubuhi uso wake ulikuwa laini. Ningekuwa mwongo nikikana.

Jumanne nilimkabidhi kwa somo wake, Bi Thuwaiba, aliyewaandaa nusu ya maharusi wa Faza, na mimi nikiwemo. Somo akishaingia chumbani, mama hutoka. Kazi ya mama ni vyungu na wageni. Bibi harusi naye hajisugui, hajichani, hajioshi hata uso. Hufanyiwa yote, na kilichopakwa huondolewa na mkono uliokipaka. Ndivyo tulivyofanyiwa sote.

Nilimsimamisha Bi Thuwaiba mlangoni. "Kuna siki ya Sumeiya mle ndani. Akikuomba umpake, ni dakika kumi tu."

"Mwanangu, nilikusinga wewe hujui hata kupika wali. Nenda kapike."

Nikaenda.

Jumatano alimsinga tangu asubuhi, mwili mzima, na uso akausugua kwa singo mpaka ngozi ikawa nyembamba kama ya mtoto mchanga. Kisha ikaja zamu ya liwa, ule mti wa manukato. Sumeiya alimwomba atie na zile zabibu, na Bi Thuwaiba, ambaye hapendi kuonekana kuwa mambo mapya yanampita, akakubali kwa njia yake. Alisaga liwa juu ya jiwe, na badala ya marashi akamimina siki, akaponda zabibu humo humo, akampaka kwa unene. Na liwa haina dakika kumi. Liwa hukaa mpaka ikauke, na ikikauka huongezwa nyingine juu. Haya yote niliyajua baadaye.

Baada ya adhuhuri alikuja mtu aitwaye Shuaib kwa pikipiki kutoka Kizingitini. Mama yake alikuwa amefariki. Bi Thuwaiba ndiye pia mwosha wa maiti wa kike, na maiti hangojeshwi. Alitoka akijifunga buibui, akamwacha dada yangu Esha akae na bibi harusi. "Asiguswe," alimwambia. "Nitamwosha mimi nikirudi."

Nilikuwa uani nachagua mchele nilipomsikia Sumeiya kupitia dirishani.

"Khala Esha, inawasha."

"Liwa huvuta. Usikunje uso, itapasuka."

Nilikwenda mlangoni. Ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Esha, kapakwa nini?"

"Liwa."

"Na siki?"

"Mimi sikumwangalia mtu mikono."

"Mwoshe. Sasa hivi."

"Mimi si somo wake," Esha akasema. "Nitie mkono wangu, kesho ndoa ikiharibika museme ni mimi? Mpigie Bi Thuwaiba."

Nilimpigia. Simu ililia mle mle chumbani, ndani ya mkoba wake.

"Sumeiya," nikaita. "Fungua, mama."

"Sijambo, mama. Inawasha kidogo tu." Alisema huku meno kayabana. "Ile siku ya kwanza iliwasha vilevile, na uliniona. Iache ifanye kazi."

Niligonga tena. Wageni waliokuwa sebuleni waligeuka wakanitazama, na Bi Mwanamkisi akanishika mkono akanirudisha uani. Nilichagua mchele ule ule mara ya pili.

Bi Thuwaiba alirudi magharibi. Nilisikia maji, kisha Bi Thuwaiba akasema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo. Komeo likafunguliwa. Kuanzia paji hadi kidevu ngozi ilikuwa imeiva, nyekundu, imetuna, na penye chunusi pamechubuka panatoa maji. Sumeiya alinitazama mimi badala ya kutafuta kioo.

"Niambie," akasema.

Nilimvika buibui nikampeleka zahanati. Tabibu wa zamu, kijana aitwaye Ndirangu aliyehamia kwetu juzi tu, alimtazama kwa upole.

"Maji baridi na hii dawa, basi. Asipake kitu kingine, hata poda. Atapona."

"Lini?"

"Wiki mbili, tatu. Madoa yatachukua zaidi."

"Jumamosi anatolewa nje."

"Asitoke nje kabisa. Jua ni baya kwake."

Nilichukua dawa tukaondoka.

Nyumbani Bi Thuwaiba alikuwa ameketi sakafuni. "Zabibu huliwa," akasema. "Siki huliwa. Kitu cha kula kitamchomaje mtu?" Majibu nilikuwa nayo. Yangemsaidia nani?

Nilimpigia Bi Kadija, mama wa bwana harusi, Lamu. Nikamweleza yote, nikamwomba shughuli ya Jumamosi tuisogeze.

"Mashua zimeshakodiwa," akasema. "Watu wangu wametoka Mombasa. Na asipotolewa, watasema ana kasoro."

"Anayo. Kaungua."

"Basi na wamwone kaungua. Wasipomwona watambunia makubwa zaidi, na hayo hayataisha wiki tatu."

Nilimuuliza Sumeiya mwenyewe, nikitumaini atakataa ili nipate sababu ya kupigana na watu. "Nitakaa," akasema. "Msinipake kitu."

Jumamosi ukumbi ulijaa wanawake wa Lamu, wa Kizingitini, hata wa Ndau. Walimkalisha juu ya kiti, taa zote zikamwangukia, dhahabu shingoni, hina mikononi, na katikati ya hayo yote uso ule. Aliyafumba macho. Vigelegele vilianza, vikafifia.

"Kapigwa?" mmoja aliuliza nyuma yangu.

"Hakupigwa. Mkorogo huo. Kajichubua awe mweupe."

"Na mama yake kasoma."

Niligeuka kuwaambia ni zabibu, nikawaza jinsi jambo hilo litakavyosikika. Nikageuka mbele tena.

Chozi lilitoka chini ya kope iliyofumbwa, likashuka kwenye shavu lililochubuka. Nilijua chumvi inafanya nini pale. Kidevu chake kilikaza, mikono yake ya hina haikusogea. Nilisimama. Bi Thuwaiba, aliyekuwa kando ya kiti na kipepeo cha ukili, alinitikisia kichwa: kaa. Hakuthubutu kumgusa na yeye. Alimpepea tu, taratibu, asije akamwongezea maumivu.

Nikakaa. Chozi la pili likafuata ndia ile ile ya la kwanza. Waliokuwa safu ya nyuma wakainuka, wakasogea mbele wapate kuona vizuri.