Kikongwe Aliyefunga Mvua

Octavian hakujua Kichina hata cha kuombea maji ya kunywa, na bado kila Mchina aliyefungua mdomo kwenye vibanda vya video vya mkoa wa Tabora alisema kwa sauti yake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu, na watazamaji walimwita dijei. Alikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada Zamda, mtaa wa Ng'ambo, akaegemeza godoro mlangoni kuzuia kelele, akashika maiki na kuwasemea wote waliotokea kwenye kioo: wapiganaji, wafalme, mabinti, hata farasi. Pale asipoelewa alitunga, na kwa kuwa hakuelewa popote, alitunga yote. Dada Zamda aliuza kazi hiyo kwenye flashi na memori kadi, ikafika Sikonge, ikafika Ziba, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha mzigo eti tafsiri si sahihi.

Filamu iliyompa jina ilikuwa kuukuu, picha zimepauka. Mpishi mnene na mwoga anapigana na majeshi kwa upawa. Watu wanaruka juu ya mapaa. Adui ni kikongwe mwenye macho mekundu aliyeifungia mvua ya nchi nzima ndani ya chungu. Anakaa juu ya kifuniko chake na kupaa nacho angani akicheka. Ni kichekesho mwanzo hadi mwisho, lakini waliokipenda walikipenda kupita kiasi. Walikirudia mpaka wakakikariri, na waligombana kwa ajili yake kama watu wanaogombania mpaka wa shamba.

Octavian aliishi kwa maoni yao. Asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua grupu la Wasapu la wapenzi wa filamu zake. Mmoja analalamika kwamba kamba za wanaoruka zinaonekana. Mwingine anamjibu kwamba mwenye kutafuta kamba akafunge ng'ombe wake. Wengine wanadai mpishi hakustahili kushinda, maana ameshinda kwa kuteleza kwenye mchuzi, na stelingi wa kweli hatelezi. Lakini wote walikubaliana kwamba kikongwe kaua. Kikohozi kile kabla ya tusi, "yaya" ile ya kukataa, na neno lake kila anapomkamata mtu: "Nikikufunga mimi hufunguki, hata kwa funguo za Padri."

Sauti hiyo ilikuwa ya bibi yake, Paskazia wa kijiji cha Goweko. Hakuiiba, alilelewa nayo. Bibi na mjukuu ni watani, na utani wa hawa wawili ulikuwa huo: yeye anamwita "mchawi wangu", bibi anamwita "mume wangu" na kutishia kumfunga, nyumba nzima inacheka na ugali unaliwa. Octavian hakuona ubaya wa kuutoa utani huo nje ya ua. Hapo ndipo alipokosea, maana utani una mipaka ya ukoo, na flashi haina mpaka.

Mwaka huo Desemba iliingia bila mvua. Ilikuwa imenyesha siku moja ya Novemba, ya kuwadanganya watu wapande, kisha ikaondoka. Jumamosi moja, maoni kutoka Goweko yakaanza kubadilika sura.

"Huyu bibi tunamjua," aliandika mmoja.

"Hata macho ni yaleyale," akajibu mwingine.

"Nyuma ya nyumba yake kuna chungu kikubwa. Mimi nimekiona kwa macho yangu."

Octavian alisoma akiwa bado na tabasamu la maoni ya mwanzo, na tabasamu likamgandia usoni. Macho mekundu ni ya yule mwigizaji wa Kichina, wamempaka rangi. Ya bibi yake yaligeuzwa mekundu na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku aliyoyachochea kuni tangu usichana wake. Lakini mkoani hapa kila mtu anajua kikongwe mwenye macho mekundu hufanywa nini watu wakishakata shauri. Humalizwa kwa mapanga, na baadaye hakuna aliyeona.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Msemaji alikuwa mpole, anatafuta maneno kama mtu anayesoma somo kanisani.

"Dijei, mimi naitwa Leodgar, mkulima wa tumbaku hapa Goweko. Tunakushukuru sana kwa kazi yako, umetutoa tongotongo. Miche yetu imekauka vitaluni, tumesali novena mpaka tumechoka. Leo mchana tutaitazama tena kibandani kwa Adinani ili tupate hakika, halafu twende kwa huyo bibi tukamwombe afungue. Ubarikiwe."

Dada Zamda, aliyekuwa anapanga chaja kwenye kioo cha duka, akaacha kupanga.

"Huyo ni bibi yako?"

"Ndiye."

"Mtu anayekuja kugombana huja na matusi," alisema. "Huyu amekuja na shukrani. Nenda, mdogo wangu. Mimi nitamtafuta mwenyekiti wa kijiji kwa simu."

Octavian alipiga simu ya bibi yake. Iliita muda mrefu, ikapokelewa na mwanamume.

"Haloo. Simu iko chaji hapa kibandani kwangu, Adinani naongea. Mwenyewe atakuja kuichukua jioni."

Nyuma ya Adinani kulikuwa na kelele za upawa ukigonga panga, na watu wengi. Halafu kikohozi. Halafu sauti ya bibi yake, aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa koo lake, ikasema nikikufunga mimi hufunguki, na kibanda kizima kikaitikia kwa pamoja, hata kwa funguo za Padri. Hakuna aliyecheka. Octavian alikuwa ameisikia filamu hiyo ikichezwa mahali pengi, na hakuwahi kuisikia bila kicheko.

Bodaboda alikuwa Mabruki, kijana wa Kwihara asiyependa maswali. Walifuata barabara ya vumbi inayokwenda sambamba na reli, njia ileile ambayo wazee wa wazee wake waliipita na mizigo mabegani kuelekea pwani. Miombo pande zote ilikuwa mikavu. Octavian alijaribu kusali, akakuta kila sala inamtoka kwa sauti ya kikongwe. Dada Zamda alimpigia mara moja: mwenyekiti amesema yuko mkutanoni Tabora. Tangu lini mkutano Jumamosi, Octavian hakuuliza.

Walipofika Goweko, filamu ilikuwa imekwisha. Watazamaji walisimama nje ya kibanda, wanaume kwa wanawake, wanajadiliana kwa sauti za chini. Wengine walikuwa na majembe, wengine mapanga, na hiyo peke yake haikuwa dalili ya chochote, maana walitoka mashambani. Octavian alishuka, akapanda kwenye benchi.

"Jamani, habari za hapa. Mimi ndiye Octa. Mimi ndiye dijei."

Walimtazama. Mmoja akampiga picha.

"Kikongwe wa filamu ni mimi. Sikilizeni." Akakohoa kile kikohozi. Akasema "yaya", akaivuta mwishoni kama bibi anavyoivuta. Akatishia kumfunga Adinani aliyesimama mlangoni, akacheka kile kicheko cha kuku aliyekurupushwa, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka naye. Mama mmoja alijifuta machozi kwa khanga. "Mnaona? Ni mchezo. Bibi Paskazia ni bibi yangu mzaa mama, ni mtani wangu, nimemwigiza tu tucheke. Mama yangu alizaliwa kwenye nyumba ile. Mimi nimekulia pale."

Alipumua. Alidhani amemaliza.

Mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye rozari shingoni, akasogea mpaka kwenye benchi. Alimpa mkono. Mkono ulikuwa na udongo mkavu.

"Mimi ndiye Leodgar," alisema. "Kwa hiyo umekulia mle ndani."

"Ndiyo, kaka. Ndiyo maana najua..."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Leodgar alisema, akiwageukia wenzake kwa upole. "Sisi tulikuwa tunabahatisha. Mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyesema. Amesema kwa fumbo kwa sababu anamwogopa, na nani asingemwogopa?"

Octavian akafungua mdomo akanushe. Akasema ni Wachina, ni filamu, hata hajui wanachosema. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma, wakimwona mtu aliyefungwa ulimi. Basi akaruka kutoka kwenye benchi, akampigia Mabruki kelele awashe pikipiki.

Bibi Paskazia alikuwa uani anapepeta karanga za mbegu kwenye ungo.

"Mume wangu," alisema, "umekuja na njaa au umefukuzwa na wake wenzangu?"

"Bibi, shikamoo. Twende. Panda pikipiki."

"Marahaba. Niende wapi na mbegu hizi?"

Alimweleza akiwa amesimama, maneno yakimtoka ovyo. Alisema filamu, chungu, sauti, na alisema nisamehe. Bibi aliendelea kupepeta mpaka mwisho, halafu akaweka ungo chini taratibu. Akasema sasa ameelewa kwa nini Jumapili iliyopita, kwenye jumuiya, hakuna aliyekaa naye benchi moja. Alidhani ananuka tumbaku.

"Siendi," alisema. "Nikikimbia ndiyo nimekiri. Nikae wanione."

"Bibi, watakuua."

Alilisema wazi kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kulisema, na baada ya kulisema akaanza kulia, mwanamume mzima, mbele ya Mabruki.

Watu wa kibandani walikuwa wamefika. Hawakuingia kwa fujo. Walisimama kwenye ukingo wa ua, na Leodgar akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo nyumbani?"

"Hatujambo, ila njaa inakuja. Tumekuja kukuomba ufungue."

Bibi alimtazama mjukuu wake, kisha wao. Octavian aliona anavyoipima mitego miwili. Akifungua chungu, amekubali kwamba alikifunga. Akikataa, amekataa mvua.

"Chungu kiko nyuma ya nyumba," alisema. "Hakina kifuniko hata cha kukifunga. Nendeni mkaangalie."

Hakuna aliyekwenda. Walitazamana. Mwishowe kijana mmoja alizunguka nyumba mbio na jembe, wakasikia kishindo cha udongo kuvunjika, na maji ya kunywa ya bibi yakatiririka yakizunguka kona ya nyumba mpaka uani. Kundi zima likarudi nyuma yasiwaguse. Mwanamke mmoja alijikwaa, akainuliwa na wenzake huku akijifuta miguu kwa hofu. Octavian hapo ndipo alipozidi kuogopa. Walikuwa wanaogopa kuliko yeye, na walikuwa na majembe.

"Imetoka?" aliuliza mtu kwa nyuma. Wote wakatazama juu. Mbingu zilikuwa nyeupe.

"Bado," akasema Leodgar. "Bado, bibi."

Bibi Paskazia alisimama. Octavian hakujua ni maji yaliyomwagika au ni ule upole wa Leodgar uliomshinda nguvu. Alichukua khanga yake kwenye kamba, akafunga mbegu za karanga ndani yake, akaifungua tena na kuwaonyesha kwamba ni karanga, akaifunga.

"Nakwenda kumsalimia mama yake Octavian mjini," alisema. "Naondoka mikono mitupu, mmeona wenyewe. Mlango naacha wazi."

Walimpisha. Octavian alimpandisha katikati, yeye nyuma, akamkumbatia mpaka akasikia mifupa yake midogo. Mabruki alipita polepole katikati ya watu, na hakuna aliyegusa hata pikipiki. Jiwe moja lilirushwa wakiwa wameshafika mbali, likaangukia njiani.

Walikuwa wamekaribia Igalula upepo ulipobadilika. Kwanza vumbi, kisha harufu ya udongo uliolowa mahali fulani, kisha mvua yenyewe, nzito, ikitokea nyuma yao, upande wa Goweko. Mabruki aligeuza pikipiki kwenye baraza la duka lililofungwa. Wakasimama wameloa, migongo ukutani.

Simu ya Octavian ikatetemeka. Alikunja mgongo kuikinga, akaiweka sikioni. Ilikuwa sauti ya Leodgar, na nyuma yake mvua ikipiga bati na wanawake wakipiga vigelegele.

"Dijei, imeshuka. Hata hamjafika mbali, imeshuka. Mungu akulipe, kaka, umetuokoa. Tunakuomba jambo moja tu. Usimrudishe. Akirudi, kuna vijana hapa siwezi kuwazuia."

Alipoishusha simu, bibi yake alikuwa amenyoosha kiganja nje ya baraza. Maji yalikuwa yanamjaa na kumwagikia kwenye mkono, naye anacheka kicheko chake, kile halisi.

"Umeona, mume wangu? Mimi niko hapa sina hata kijiko, na mvua inanyesha kwao. Sasa wamejua haikuwa kwangu." Akajifuta macho. "Wanasemaje hao watazamaji wako?"

Octavian alitafuta neno. Kwa miaka yote hakuwahi kukosa neno la kumwekea mtu mdomoni.

"Wanafurahi, bibi," alisema. "Wanafurahia mvua."

"Si nilijua. Basi kesho baada ya misa unirudishe, ardhi isije ikakauka tena." Akafungua fundo la khanga kuangalia kama mbegu zimelowa, akaanza kumweleza kwamba wataanza na lile shamba la bondeni, kisha la karibu na nyumba, na kwamba safari hii atahitaji mtu wa kumsaidia kupalilia. Octavian alisimama karibu naye, akawa anaitikia.