Ombi la Mbwana Linashughulikiwa

Namlaza Mbwana kwenye mto wa pili, kama kila asubuhi nikitoka kazini, namwegemeza vizuri kwenye shati lake kuukuu nililolifanya foronya ya mto, kisha navuta pazia nene kuzuia jua la huku, jua la theluji, lisilo na joto ila kiherehere tu, nami najilaza ubavuni pake. Mbwana ni mume wangu, na kinacholala kwenye mto ni simu, kwa sababu mume wangu mwenyewe yuko Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane, anatengeneza vyerehani, na mimi niko nchi ya baridi nafua mashuka ya wazee wasio na wajukuu wa kuwafulia, na katikati yetu imekaa ofisi. Nilimwombea ukaazi wa kudumu zamani, mimi ndiye mdhamini wake, cheo kikubwa kwa mke anayekumbatia simu, na kila nikichungulia ukurasa wa ofisi nakuta maneno yaleyale, ombi lako linashughulikiwa. Watoto waliozaliwa wakati natuma ombi lile sasa wanawajibu wakubwa wao. Juzi wakaandika jambo jipya, nikafurahi kabla sijasoma. Wanataka picha inayotuonyesha mimi na Mbwana tuko pamoja wakati ndoa inafungwa, tukiikosa ombi linakataliwa, na tukitaka tuanze upya mwisho wa foleni. Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Picha ya wapi? Kwetu ndoa inafungwa msikitini, bwana harusi ameshikana mkono na walii anayemwozesha binti, na bibi harusi yuko chumbani kwao, amepakwa hina, amefukizwa udi, anasikilizia vigelegele ndipo ajue kuwa ameshakuwa mke wa mtu. Picha za baadaye tunazo, nimekaa ubavuni pake nimefunikwa shela mpaka kidevuni, lakini wao wanasema huyo chini ya shela anaweza kuwa mtu yeyote. Nilipomaliza kucheka nikalia, na nimelia mpaka leo. Lala basi, mke wangu, anasema Mbwana kutoka kwenye mto, na nyuma ya sauti yake kuna cherehani kinajaribiwa, kinakimbia, kinasimama, kinakimbia, nami naufuata mshono wake kwa masikio, naufuata unavyonyooka na kunyooka, mpaka mguu wangu unakanyaga chini, na chini ni vumbi.

Niko Barabara ya Nane, mlangoni kwetu, nimevaa koti la baridi na kandambili. Mitaa ya Ngamiani ina namba, ya saba, ya nane, ya tisa, hata mtoto hapotei, na msikiti alimonioa Mbwana uko ya Tisa, karibu kiasi kwamba siku ile mvuke wa pilau yetu ulifika kabla ya waalikwa. Basi nakwenda ya Tisa, nikaione hiyo ndoa yangu, niipige picha, niwapelekee, yaishe. Navuka, nakuta kibao, Barabara ya Nane, na duka lenye paka dirishani. Navuka tena, ya Nane. Natembea kwa hasira, navuka na kuvuka, na nikija kutazama kibao kina namba ndefu ambayo sijui hata kuitamka, na duka pembeni yake ni lile la ya Nane, na paka dirishani ni yuleyule. Nusu ya barabara ni vumbi na nusu ni theluji, hazichanganyiki, na nyumba zote zina vioo badala ya kuta, na ndani ya kila kioo anatembea Mbwana, bisibisi mfukoni mwa shati, upande wa vumbi. Nikikaza mwendo anakaza. Nikisimama anasimama. Naweka kiganja kwenye kioo, naye anaweka chake, na kati ya viganja vyetu ni baridi tupu. Nagonga. Anagonga pia, na sisikii kitu. Nimezoea kumkosa Mbwana kwa mbali, lakini kumkosa kwa karibu namna hii sijazoea.

Kando ya barabara imenyooka foleni, watu wamenipa migongo, bahasha kwapani, hawasemezani. Namgusa bega wa kwanza, mwanamke, naye amevaa koti la baridi na kandambili, nimuulize njia. Anageuka. Hana uso, pale penye uso ni laini tu kama mgongo wa kijiko. Uso wako uko wapi, dada, namuuliza, maana woga wangu siku zote hutoka na maswali. Niliuwasilisha, anasema, sijui anasemea wapi, picha mbili, nyuma peupe, bila kutabasamu, bado sijarudishiwa. Nampa pole. Namuuliza amesubiri muda gani. Nilikuja kumpokea mume kijana mwenzangu, anasema, sasa nadhani akishuka ataniamkia shikamoo. Anacheka, au mabega yake yanacheka, nami nacheka naye ingawa sikupenda. Kwenye kioo Mbwana anatutazama, na mbele yake naona kivuli cha mwanamke mmoja, si wawili. Naomba nionyeshe Barabara ya Tisa, namwambia. Yule mwanamke anatoka kwenye foleni, anaanza kwenda, namfuata, na huku anakwenda anasema, kitendawili. Mimi nimelelewa na bibi, mdomo unajibu wenyewe, tega. Nalala naye kila siku, anasema, nikimgusa ni kioo.

Jibu nalijua. Jibu liko kwenye mto wa pili, ndiyo maana sitaki kulitamka, najua nikilitamka litakaa. Tunatembea, tunalipita lile duka na paka wake. Umeshindwa, anasema, nipe mji. Ndiyo desturi, anayeshindwa kitendawili anatoa mji, utotoni nimetoa mpaka Makka na sikupungukiwa na kitu. Nampa Lushoto, nilikosoma. Nimekwenda Lushoto, anasema, nimekaribishwa, nimekula, nimeshiba, nimelala hapohapo. Na palepale naitafuta Lushoto kichwani, ukungu wa asubuhi, kengele ya bweni, rafiki yangu aliyekuwa ananisuka jina lake nani, sioni, pamebaki peupe. Wewe, namwambia, nirudishie. Hasikii hilo, anatega kingine, mgeni ni wangu, kukaribisha ni kwangu, mlango si wangu. Safari hii sizubai, nasema haraka, mdhamini, mdhamini ndiye mimi! Jibu lako limepokelewa, anasema kwa upole ule wa kuua, linashughulikiwa. Wakati linashughulikiwa nipe mji. Lakini nimepata! Linashughulikiwa, anasema. Najitia ujanja, nampa mji huu wa baridi ninaokaa, na theluji yake, na mashuka yake, auchukue wote. Huo si wako kutoa, anasema, wamekuazima. Nabaki na Pangani na Tanga. Nampa Pangani huku nimefumba macho, na nikiyafumbua najua kwamba nina mama, kwamba mama alikufa na alizikwa mahali, na sijui mahali hapo ni wapi. Nasimama katikati ya barabara nashika kichwa. Sijawahi kuwa peke yangu namna hii, hata usiku wa kwanza ugenini, hata sikukuu niliyokula mkate na chai nimesimama. Sasa umebaki na mji mmoja, anasema yule mwanamke, na ninaapa kwamba ananionea huruma, kwa sababu amepunguza mwendo.

Mji huo ni Tanga, na Tanga yumo Mbwana. Natazama vioo. Vumbi la upande wake limeanza kuwa jeupe kutoka chini, linamfunika vidole, linapanda, na yeye hana habari, ananitazama mimi tu, mkono juu ya kioo. Kitendawili, anasema yule mwanamke. Sitaki, namwambia. Kitendawili. Naangalia nyuma, barabara haina mwanzo, naangalia mbele, haina mwisho, na weupe umefika magotini pa mume wangu. Tega, nasema. Siku ile wote walisema, anasema, mwenye siku hakusema. Nawapitisha mmoja mmoja, kadhi alisema, Mbwana alisema, ami yangu alisema, mashahidi walisema, wapishi ndio usiseme. Ni bibi harusi, nasema, ni mimi. Ni wewe, anasema, na walipokuuliza ulijibu nini? Nilinyamaza, namwambia, kwetu mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake, hakuna asiyelijua hilo. Anasimama. Hapa kimya hakipigwi mhuri, anasema, na mbele yetu, ambapo sasa hivi palikuwa na duka, pana mlango wa chumba changu cha siku ile, na mimi niko ndani yake.

Niko juu ya kitanda, hina haijakauka, udi unafuka miguuni, shela imenifunika. Pembeni amekaa Bi Mize, somo yangu, aliyenifunda, na uso wake ni uso wa kwanza ninaouona tangu nianze safari hii, pua yake, kipini chake, natamani kumbusu. Mlangoni amesimama ami yangu Hatibu, mdogo wake marehemu baba, ndiye walii wangu, na mashahidi wawili nyuma yake. Mwanakombo, mwanangu, anasema, amekuja Mbwana anataka kukuoa, nikuozeshe? Bi Mize ananiminya bega. Nyamaza, mwanangu, ananinong'oneza, ukijibu haraka watasema mizigo ulishaifunga tangu jana. Nina haraka, somo, nataka kumwambia, mizigo nimeifunga na kuifungua mpaka kamba zimekatika, nimenunua sufuria la watu wawili nikapikia humo chakula cha mtu mmoja, nina haraka. Hakitoki kitu. Naingiza mkono chini ya shela nishike mdomo wangu, napapasa, ni laini kote, mgongo wa kijiko. Mwanakombo, nikuozeshe, anauliza ami mara ya pili. Dirishani, mahali pa dirisha pana kioo, na Mbwana yumo, amekaa chini msikitini, weupe umemfika kifuani, amenyoosha mkono wa kulia unaongoja kushikwa na hakuna wa kuushika. Mara ya tatu ami anauliza, na mara ya tatu nabubujikwa ndani kwa ndani, na ami anatabasamu kama alivyotabasamu siku ile, anawageukia mashahidi, amenyamaza, anasema, ameridhia, na anaanza kuondoka. Siku ile nilifurahi akiondoka. Leo nauona mgongo wake na najua nao ni wa foleni, akiupitisha mlangoni hageuki tena. Navua shela. Mbele ya wanaume, nywele zote nje, Bi Mize anapiga kelele, aibu na iwe aibu. Nakwaruza pale palipo laini kwa kucha zenye hina, nakwaruza, panauma, panaachia, na sauti inanitoka mbaya, kavu, ya mtu aliyeikalia miaka. Nimekubali! nasema, ami, nimekubali, nimekubali mimi mwenyewe! Naisikia inatoka mlangoni, inakwenda Barabara ya Nane, inavuka, na naisikia inafika ya Tisa, ya Kumi, na huko kwenye foleni migongo inageuka.

Umekubali nini? anauliza Mbwana.

Ni giza. Pazia hili ni nene, giza lake halisemi ni la mchana wa huku au la usiku wa kule. Koo linaniuma kweli, kwa hiyo nimepiga kelele kweli. Nimekukubali wewe, namwambia. Nasikia anavyopumua, pumzi nzito ya mtu aliyeamshwa, kisha anacheka kidogo. Hujawahi kuniambia, anasema. Hukuwepo nikiulizwa, namwambia, na mimi sikuwepo ukijibu, wenzetu wa ofisini wana haki ya kushangaa. Anacheka tena, na sauti iko karibu mno, haina ule mkwaruzo wa mtandao, au mtandao leo umeamka vizuri. Nasikia harufu ya mafuta ya cherehani, lakini hilo ni shati lake, shati siku zote linanuka hivyo. Naitafuta Lushoto, nijue kama nimeamka. Naupata ukungu, kengele siipati. Naitafuta Pangani, nauona mto na kivuko chake, na watu wanapanda kwenda makaburini, ila njia wanayopita siioni bado. Mbwana, nasema, uko wapi? Niko hapa, anasema, na hilo ndilo jibu lake la kila siku, tangu siku ya kwanza ya kungoja. Kitanda kinalia kidogo, labda nimejigeuza mimi. Nikinyoosha mkono nitajua, ni shavu au ni kioo. Nasema tena, taratibu, kwa sababu sasa najua kusema, nimekubali, Mbwana, na mkono wangu nauacha palepale chini ya blanketi.