Swali la Tatu

Veneranda alijibu maswali mawili ya kwanza ya fomu ya kuomba nafasi katika chuo cha biashara kwa siku mbili tu. Katika la uongozi alieleza jinsi alivyowaunganisha wafugaji nyuki wa vijiji sita hadi asali yao ikafika Dar ikiwa na lebo. La malengo aliliandika bila kufuta hata neno. La tatu ndilo lililomkwamisha: mtu anayekufahamu kuliko wote angekuelezaje? Muulize, kisha utuandikie.

Akakaa mbele ya kompyuta katika chumba chake pale Tabora, akipitisha majina kichwani. Mama alikuwa amefariki. Ofisini walimwita Meneja, na hakuna aliyewahi kufika kwake. Alibaki Xavery, mdogo wake, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Igunga. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama kule Usoke, miaka minne iliyopita.

Jumamosi alipanda basi la asubuhi. Xavery alimpokea kwa shikamoo ya heshima, mkewe akapika wali na kuku, watoto wakamsalimia kama wanavyomsalimia mgeni yeyote. Baada ya kula, Veneranda akaeleza kilichomleta. Xavery akasogeza sahani kando.

"Unataka ya kweli, dada, au ya kuandika?"

"Ya kweli."

"Tulipomzika mama, kesho yake uliamka kabla ya watu wote. Ukaosha vyombo vya msiba mzima, masufuria yale makubwa, peke yako. Halafu ukaondoka bila kumuaga mtu. Watu walisema una roho ngumu. Mimi nilijua unaogopa. Unaogopa nini, sijui mpaka leo."

Veneranda alitaka kusema kwamba wiki ile wanunuzi wa asali walikuwa wanakuja. Ni kweli walikuwa wanakuja. Badala yake alikunywa maji, akauliza habari za mashine, na saa nane akarudi stendi.

Insha aliiandika kama alivyoisikia, bila kujitetea. Ilimchukua wiki nzima, kwa sababu kila sentensi ilimjia kwanza kwa sauti ya Xavery, tena kwa Kiswahili, na Kiingereza kilichotakiwa na chuo kiliyafanya mambo hayo yaonekane yamemtokea mtu mwingine. Kwenye usaili wa mtandaoni mama mmoja wa jopo alimuuliza kama sasa anajua alichokuwa anaogopa. Akajibu kwamba bado.

Walimchukua. Barua pepe ilimkuta katika chumba cha kuchujia asali, wafanyakazi wakiwa wameinamia ndoo. Akaisoma amesimama, akatoka nje, akamwandikia Xavery. Jibu lilikuja upesi: Hongera dada. Mungu akutangulie.

Alisubiri kuona kama angeongeza neno. Alisubiri mpaka kioo cha simu kikazima. Kisha akarudi ndani, akamwambia binti aliyekuwa mlangoni kwamba vifuniko vya ndoo za mwisho havijakazwa.