Jina la Kifungua Mimba

Mji mzima wa Koboko ulijua kwamba Kaltumu ana homa ya ini kabla hata mumewe hajajua. Mama mkwe alimtengea kikombe, kisha sahani, na tangu hapo Kaltumu akaapa hatakanyaga tena ile zahanati iliyoanika siri yake, hata kwa dawa. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa manjano.

Basi dada yake Ruqaiya akaenda mji wa Arua, akajifunza udukuzi wa kimaadili kwa mwalimu Afedra pale Mvara: kuingia kwenye mifumo ya watu kwa idhini yao, ili waonyeshwe matundu kabla wezi hawajayaona. Bila idhini yenye saini, Afedra alisema, wewe ni mwizi mwenye cheti.

Aliporudi alimwendea mwenye zahanati, Abdunoor, bwana ambaye majivuno yake yalitangulia kuingia mlangoni, kitambi kikafuata. Kompyuta yake alikuwa ameifunika kitambaa kilichotariziwa, kana kwamba wezi wa siku hizi huingia pamoja na vumbi.

"Mutoto yangu, hii kitu watu ya Kampala ndiyo iliweka," alisema akicheka. "Wewe utafanya nini?"

"Nitajaribu tu, Baba Shamim. Kama inanishinda, utacheka vizuri."

Abdunoor akatia saini karatasi ya idhini kwa madaha, akawaita wafanyakazi waje kutazama aibu ya binti wa watu. Chai ikaletwa. Ruqaiya akaketi na simu yake kwenye benchi la wagonjwa, akaandika herufi chache, akaingia. Chai ilikuwa bado moto.

Abdunoor akaacha kucheka. "Nani iliambia wewe neno yangu ya siri?"

"Koboko yote inakuita nayo."

Ndiyo hivyo. Mtu mzima, hajji, amefungia siri za wagonjwa wa mji mzima kwa jina la binti yake wa kwanza, jina ambalo hata wauza nyanya humwamkia nalo kila asubuhi. Ruqaiya alimdharau mpaka akaona haya kwa niaba yake.

Hakugusa faili la mtu. Alitazama tu kumbukumbu za mfumo: nani aliingia, lini, kwa mashine ipi. Kisha akamwomba Abdunoor awatoe wafanyakazi. Akamwonyesha: faili la Kaltumu lilifunguliwa kila Ijumaa mchana, kwa jina la Abdunoor mwenyewe, kutoka kompyuta ya nyumbani kwake.

"Ijumaa mimi iko muskiti," alisema. "Mbele kabisa. Watu yote inaniona."

"Najua. Nani inabaki nyumbani?"

Alibaki Mama Shamim, mkewe, anayesukwa nywele baraza moja na mama mkwe wa Kaltumu.

"Futa hiyo," Abdunoor alinong'ona.

"Ulinipa ruhusa ya kuangalia na kusema. Kufuta hapana."

Basi akaomba walau abadilishe neno la siri. Ruqaiya akamgeuzia mgongo asione, akasikia vidole vikigonga polepole.

"Hata Wahabu hapana, Baba Shamim," alisema bila kugeuka. Wahabu alikuwa mtoto wake wa pili. Vidole vikasimama.

Nje ya lango Kaltumu alikuwa akisubiri, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Wameziba lile tundu?"

Ruqaiya alitamani kumdanganya, maana dawa zilikuwa pale pale, nyuma ya ukuta.

"Hapana," alisema, akamshika mkono. "Twende Arua."