Siku Niliyomkatalia Kaka

Kaka yangu ana mdomo, na ana moyo pia. Ndiye aliyenifundisha kuandika programu, na ndiye aliyenitafutia nafasi katika kitengo cha kompyuta cha hospitali anakofanya kazi. Walinichukua kwa majaribio: kwanza na waandika programu wenzake, kisha na msimamizi wa hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa kwenye kompyuta, mama mmoja anayekaribia kustaafu. Mwishowe ningechagua upande, na meneja angeamua kama ananitaka. Kaka alikuwa ameshanichagulia.

"Programu unawaonyesha watu," aliniambia. "Mama ataishika kwenye simu, ataibonyeza, atawatambia majirani. Hifadhidata utamwonyesha nini? Kwamba leo hakuna kilichopotea?"

Nilicheka mpaka basi. Lakini nilikuwa nimeshakaa katika chumba chenye baridi cha msimamizi, shali mabegani, nikiona kwenye skrini makundi ya damu ya watu na dawa zinazowadhuru, kila kitu mahali pake. Kule kwa kaka nilifurahi. Hapa nilihisi nahitajika, na hisia hiyo sikuwa tayari kuiacha.

Asubuhi moja msimamizi alipata udhuru, akaniachia zamu. "Kisichojaribiwa kwenye nakala ya mfumo hakigusi mfumo wenyewe," alisema akichukua mkoba wake. "Hata aje nani."

Akaja kaka. Wagonjwa kadhaa walikuwa wameandikishwa mara mbili, mapokezi wakawa wanahangaika na mafaili mawili ya mtu mmoja, na foleni imefika mlangoni. Alikuwa ameandika amri ya kuyaunganisha. Alitaka nimfungulie mfumo papo hapo.

"Umeijaribu?" nikamuuliza.

"Ni mistari michache tu, nimeipitia kwa macho."

"Ikiunganisha watu wawili wenye jina moja, mmoja atapewa damu ya mwenzake. Niache niijaribu kwenye nakala. Haitafika saa sita mchana."

"Watu wamesimama nje, wewe unaniambia saa sita?"

"Ndiyo, kaka."

Akashusha sauti, na hapo ndipo huwa mbaya. "Mdogo wangu, nani alikuleta hapa?"

"Ni wewe, na ninakushukuru. Sifungui."

Aliondoka bila kufunga mlango. Niliiendesha amri yake kwenye nakala, nikakagua faili moja baada ya jingine, huku wenzake wakipita na kunichungulia kana kwamba nimemfukuza baba mzazi. Nilipomaliza, amri ilikuwa safi kabisa. Nilitamani nikute walau kakosa kadogo ka kunitetea, sikukaona. Nikaipitisha kwenye mfumo, foleni ikaisha.

Alasiri meneja alituita wote wawili. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Wagonjwa wamesimama asubuhi nzima kwa sababu ya amri isiyo na kosa," alisema. "Unasemaje?"

"Ni kweli. Lawama ni yangu."

"Na kesho akikuletea nyingine?"

Jibu laini lilikuwepo, la kuniachia kazi na kaka vyote viwili. Nililiona, nikaliacha lipite.

"Nitaijaribu kwanza. Asubuhi hakuna aliyejua kama ni sahihi, hata yeye. Tumejua kwa sababu imejaribiwa. Na upande nimeshachagua, kama mnanitaka."

Meneja akamgeukia kaka. "Wewe ndiye uliyemleta, na yeye ndiye aliyekuzuia. Nimkabidhi mfumo?"

Kaka alitazama sakafu. Nilijua akisema hapana nimekwisha, na nilijua pia kwamba sitamwomba.

"Amenidhalilisha mbele ya wenzangu," alisema. "Na hasira bado ninayo." Akavuta pumzi. "Mkabidhi. Tangu azaliwe hajawahi kunikatalia kitu. Kama leo ameniweza mimi, humu ndani nani atamtisha?"