Kura Dhidi ya Kocha

Kura ya kufufua timu ya mpira ya chuo ilipangwa Ijumaa, na wiki nzima mume wa mwalimu wa hesabu alikuwa hafungi mdomo.

"Mama watoto, safari hii uwanja unarudi kwa wenyewe," alisema mezani, akipaka siagi mkate kama anayepaka nyumba rangi. "Usituangushe."

Zamani alikuwa winga wa timu hiyo. Siku hizi ana duka la dawa na kitambi kinachomtangulia mlangoni, lakini ukimsikia akisimulia utadhani mabeki wa wapinzani bado wanamsaka. Mkewe alicheka, akamimina chai. Mwenyekiti wa baraza la chuo alikuwa mgonjwa na mwalimu ndiye aliyekaimu. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu: hawa wanataka timu, wale wanataka madarasa, na chuo chenyewe kidogo, kimebanwa na vilima, hakina sehemu nyingine tambarare ya kujenga ila uwanja uleule. Kura ya kukata mzizi wa fitina ingekuwa yake.

Ndoto hiyo ingekuwa ya mtu mwingine, mwalimu angelala usingizi mnono. Lakini mwenye ndoto ya timu alikuwa Kocha aliyeifundisha zamani, na Kocha kwake hakuwa mtu wa kupigiwa hesabu.

Timu ile ilikuwa na desturi yake. Mazoezi yakiisha, haogi mtu mpaka kila mchezaji aelewe somo lililomshinda wiki hiyo. Walikaa kwenye nyasi wakinuka jasho, anayejua akimfundisha asiyejua. Ila hesabu iliwashinda wote, nahodha akiwa mstari wa mbele. Ndipo Kocha alipoingia maktaba, akamkuta msichana wa mwaka wa kwanza mwenye haya hata ya kuuliza choo kiko wapi. Msichana huyo alikuwa ameshafunga sanduku arudi kwao, maana chuo kilimtisha na hakuwa na rafiki hata wa dawa.

"Binti," Kocha alimwambia, "nina timu nzima ya vichwa vigumu. Njoo unisaidie, tafadhali."

Siku ya kwanza sauti haikutoka. Kocha akaketi mbele kabisa, akakunja miguu, akauliza swali la kijinga kuliko yote, makusudi, ili wengine wasione haya. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye msichana akacheka, na sauti ikatoka pamoja na kicheko. Baada ya hapo haikurudi ndani tena. Ualimu wake ulianzia pale kwenye nyasi. Hata ndoa ilianzia pale, kwa sababu winga alidai muhula mzima kwamba haelewi hesabu za sehemu, na baada ya harusi akakiri kuwa alizielewa tangu mwanzo.

Basi la timu lilipokufa injini, wakubwa wakaona nafuu waizike timu pamoja nalo. Kocha akaondoka bila hata kuagwa. Aibu ile wachezaji wake hawakuisahau, na sasa, watu wazima wenye kazi zao, walitaka kumfuta machozi.

Ijumaa Kocha alikuja barazani na fimbo yake, suti ya michezo imepigwa pasi mpaka suruali ina mstari.

"Mpira ulinipa watoto ambao sikuwazaa," alisema. "Nataka kuwapata wengine kabla sijazeeka."

Watu walicheka kwa upendo, maana mvi zilikuwa zimemjaa hadi kwenye nyusi. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikalingana. Macho yote yakamgeukia kaimu mwenyekiti.

Alimtazama mzee, akawaza pia wanafunzi wake wanaosomea nje ya madirisha kwa kukosa nafasi, kila mmoja akiandikia mgongoni kwa mwenzake, na mvua ikinyesha ndiyo likizo yao. Akapiga moyo konde.

"Madarasa," alisema.

Kocha aliinuka, akatoka taratibu, hakugeuka nyuma.

Nyumbani moto uliwaka bila kuni. "Mtu aliyekuokota maktaba!" mumewe alifoka. "Leo hii tungekuwa wapi mimi na wewe?"

"Najua, baba watoto."

"Hujui!"

Na hapo akanuna. Wikiendi nzima alizungumza naye kupitia watoto. "Mwambieni mama yenu anipitishie chumvi." Mama yenu alikuwa amekaa palepale, anaipitisha chumvi, na machozi yako karibu.

Jumatatu asubuhi alikuwa katikati ya somo wale wa nje walipoanza kupisha mtu. Kocha akaingia, jasho likimtoka kwa kupanda ngazi za kilimani.

"Nimekuja kukiona kilichonishinda," alisema.

Kijana mmoja akaruka kutoka kwenye kiti. "Kaa hapa, babu."

Kocha hakukaa. Alitembeza macho darasani, kisha akatazama madirisha, moja baada ya jingine, vichwa vimejaa hadi kwenye vyuma. Akamwashiria msichana aliyekuwa amebanwa dirishani. "Wewe, ingia. Kuna kiti." Mwenyewe akaegemea ukuta.

"Kocha, nisamehe," mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Umeniumiza, binti. Sikufichi, Ijumaa chakula hakikupita." Akajifuta uso kwa mkono. "Lakini ningekuwa nimewaona hawa, mkono wangu ungenyooka kabla ya wako."

Alitaka kumshukuru kwa lile sanduku alilolifungua tena, kwa sauti aliyoipata kwenye nyasi, kwa mume mwenye kununa na watoto wake. Akawageukia wanafunzi.

"Huyu ndiye aliyenifanya mwalimu," alisema. "Kila mnachokipata kwangu kimetoka kwake. Asante, Kocha. Asante sana."

Darasa likalipuka kwa makofi, na wale wa nje wakapiga vyuma vya madirisha. Kocha alikunja uso apate kuyazuia machozi, akagonga fimbo sakafuni.

"Makofi ya nini? Endelea, binti. Wa nje jua linawachoma."